Mkia wa Wimbo

Mama Sare alikuwa na sikio, na alijua kuwa analo. Mchezee wimbo wowote, hata ule wa kutangaza sabuni, naye angekuambia ni wapi mpiga gitaa alichelewa nusu pumzi, na ni nani kati ya waitikiaji aliyekuwa na mafua siku hiyo. Harusini watu walimketisha mbali na bendi, kwa sababu alipokunja uso mbele ya wapigaji, waliingiwa na wasiwasi wakakosea kweli. Mtu wa namna hiyo, ukiambiwa kwamba kilichomponza ni kutosikiliza, utadhani unataniwa. Hata yeye angecheka, kama jambo lenyewe lingempata mtu mwingine.

Jina hilo alilipata kwenye kazi. Alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka mingi alikuwa hashoni kitu ila sare za shule: mashati meupe, kaptula za kijivu, sketi za marinda ambazo watoto huzichakaza kabla muhula haujafika katikati. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara, kina meza moja ndefu ya kukatia, pasi isiyopoa na ukuta uliojaa vipande vya karatasi vyenye vipimo. Simu yake ilikaa juu ya kabati la nyuzi, ikiegemea kopo la vifungo, nayo ndiyo iliyomwimbia tangu asubuhi hadi jioni.

Mwenziwe katika mapenzi ya muziki alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake mkubwa. Huyo alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza mpaka alipostaafu, na sauti yake ilizoea kufika dawati la nyuma bila kupazwa. Kaka mwenyewe alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka. Alipooa, wote watatu walikaa nyumba moja kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo wanawake hao wawili waliosha vyombo vingi na kuimba zaidi. Wifi alishika sauti ya kwanza, Mama Sare ya pili. Wimbo wao mkubwa, Viatu, waliutunga wenyewe kwenye karai la vyombo, wa kumsimanga kaka, aliyekuwa hawezi kuvua viatu viwili mahali pamoja. Wifi aliuliza kwa juu, "Kimoja kiko mlangoni, cha pili nani kakiona?" Mama Sare alimjibu kwa chini, "Mimi sikukiona, mama, labda kimekwenda kazini." Kila kiatu kilipopotea beti ziliongezeka, na kaka alilalamika kwamba ameoa mke mmoja akaletewa kwaya.

Kaka alipohamia mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa basi, mawifi hawakuandikiana barua. Walitumiana kanda. Swali lilikuwa moja tu, "Wifi, siku hizi unasikiliza nini?", na jibu lilikuja ndani ya kanda yenyewe: wimbo alioukamata redioni au kuuazima kwa jirani, na baada ya wimbo, kwenye nafasi iliyobaki, maneno. Maneno hayo waliyaita mkia. Sheria ilikuwa ya Wifi, kwamba mkia hukaa nyuma. Ukianza kuueleza wimbo kabla haujasikika, alisema, umemtafunia mwenzio chakula. Kwa hiyo ulisikiliza kwanza, ukauhukumu kimoyomoyo, ndipo ukaambiwa kwa nini umeletewa huo, na mtoto gani ana surua, na nani hasemeshani na nani. Kila mkia ulimalizika kwa neno lilelile, "Ukifika mwisho niambie," na jibu nalo lilikuwa lilelile, "Nimefika mwisho." Kanda zenyewe zilikuwa mbili tu. Zilikwenda na kurudi mikononi mwa wasafiri, kila mmoja akirekodi juu ya sauti ya mwenzake, na hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kinapotea, kwa kuwa kingine kilikuwa njiani.

Simu zilipokuja mambo yakawa mepesi. Kila Ijumaa Wifi aliiweka simu yake kando ya redio ya mezani, akarekodi wimbo na mkia kwa pamoja, akatuma. Ilikuwa simu ndogo isiyobeba vitu vingi, kwa hiyo akishatuma alifuta. "Mimi sina haja ya kujiwekea," alisema. "Kabati langu liko kwako."

Uongo wa kwanza haukuwa uongo, au ndivyo Mama Sare alivyojiambia. Mwaka juzi alipata kazi ya sare za shule tatu kwa mpigo, zikiwa zimebaki siku tisa shule zifunguliwe. Ijumaa ikafika, simu ikalia, wimbo ukaanza. Aliutambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Aliuzima, akaandika, "Nimefika mwisho," akinuia kuumalizia jioni. Jioni ilimkuta hoi, hata kiatu kinamshinda kuvua. Kesho yake Wifi alimshukuru kwa furaha, na dunia ikaendelea na shughuli zake. Hapo ndipo lilipoanzia.

Akaupatia na ufundi, maana alikuwa fundi kwa kila kitu. Wimbo ukiwa wa huzuni aliandika, "Mkia wako umenigusa." Ukiwa wa kuchezeka aliandika, "Umenivunja mbavu, wifi." Mikia ya Wifi ilikuwa ya mambo madogo ya nyumbani, na maneno hayo yaliikaa yote, kama shati lililokatwa kubwa makusudi. Mara moja tu alinusurika kuumbuka. Wifi alimwandikia, "Basi umeamuaje kuhusu kitanda?" Mama Sare hakujua kitanda gani. Alikaa na pini mdomoni dakika nzima, kisha akajibu, "Bado nafikiria." Wifi akasema asijali. Kitanda hakikutajwa tena, naye akajipongeza kwa kupiga chenga safi.

Tena alikuwa akifuta. Simu yake ilijaa kila mwezi kwa picha za vitambaa na vipimo vya watoto wa watu, na ilipojaa alianza na rekodi za Wifi, kwa kuwa ndizo zilizokuwa nzito. Hakufuta kwa ubaya. Alijiambia kwamba nyimbo zile anazijua zote, na kwa hilo alisema kweli.

Ijumaa ninayoisimulia ilimkuta akigeuza kola. Wifi alikuwa ametuma wimbo wa zamani, wa polepole, wenye tarumbeta moja. Wimbo ule hauzidi dakika tano na rekodi ilikuwa ya dakika tisa. Mtu mwenye sikio lake angejiuliza dakika nne zilizobaki zimebeba nini, lakini kola zilikuwa arobaini. Alisikiliza mpaka tarumbeta ilipoingia, akatikisa kichwa kwa raha, akauzima. "Nimefika mwisho, wifi," aliandika. "Hasa pale mwishoni, umenigusa sana." Kisha akamtumia wa kwake, wimbo mpya wa kuchezea uliokuwa ukipigwa katika kila duka la mtaa ule, na mkia wa maneno machache: "Cheza wifi, maisha yenyewe mafupi haya. Ukifika mwisho niambie."

Jibu lilikuja kesho yake. "Nimefika mwisho. Asante, wifi."

Ijumaa iliyofuata Wifi hakutuma kitu, na Mama Sare, lazima lisemwe, alishukuru, kwa sababu shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Ijumaa ya pili hakutuma tena. Mama Sare akatuma wimbo wake, haukujibiwa, akasema moyoni kwamba labda simu ya mwenziwe imeharibika. Jumanne, kaka akapiga.

"Dada, tumetoka hospitali jana," alisema, bila kumaliza salamu. "Nimeona nikwambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

"Hospitali? Nani anaumwa?"

"Usinifanyie hivyo, dada. Alikwambia. Alinionyesha na ulivyomjibu."

"Nilijibu nini, kaka?"

"Kwamba umefika mwisho. Kwamba umeguswa. Halafu ukamtumia wimbo wa kuchezea." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kugombana na jambo hili peke yake, akachoka. "Mimi niliudhika, sikufichi. Nikataka kukupigia siku ileile, yeye akanikataza. Alisema wako watu wanaoogopa magonjwa, hawajapenda kuwa hivyo. Akasema angalau wewe hukumdanganya."

Mama Sare aliaga hata hajui kwa maneno gani. Alifunga mlango wa kazini mchana kweupe, akakaa chini kwenye mabaki ya vitambaa, akaitafuta rekodi ile. Aliisikiliza tangu mwanzo. Tarumbeta ilipita, wimbo ukaisha, redio ikazimwa, na kiti kikasogezwa.

"Wifi," ilisema sauti ya Wifi. Ilikuwa imekwaruzika, kama chaki inayoburuzwa ubaoni. "Umeisikia hiyo tarumbeta? Inaingia imechelewa makusudi, kama mgeni anayejua kwamba atawekewa chakula tu. Nimekuchagulia wimbo huu kwa ajili yake. Sasa nisikilize. Hiki kikohozi nimekutajia mara mbili, ukanyamaza, nikajua hutaki kunitia hofu. Basi si kikohozi. Daktari ameona uvimbe kooni. Alhamisi watanipasua, na wataitoa sehemu yote inayotoa sauti. Si kwamba itapungua, wifi. Itaondoka. Nimemuuliza mara tatu, kama wale watoto wangu wa dawati la nyuma, na mara tatu amenijibu vilevile."

Hapo alikohoa, na Mama Sare alisubiri akohoe amalize.

"Nina ombi. Njoo kabla ya Alhamisi. Tuimbe Viatu, beti zote, mimi juu wewe chini, kaka yako aturekodi. Nikikwama utanibeba. Nataka sauti yangu iishie humo, isiishie kumjibu nesi nimekula nini. Lakini ukiona huwezi, wifi yangu, usihangaike kutafuta maneno. Tuendelee tu na nyimbo zetu kama kawaida, nitaelewa, wala sitakuuliza tena. Haya. Ukifika mwisho niambie."

Rekodi haikukatika hapo. Alisikika kaka kwa mbali akiuliza, "Umeshamwambia?" na Wifi akijibu, "Nimemwambia."

Mama Sare alijuta. Hakuna neno jingine la kulizungukia. Alikumbuka lile la maisha mafupi akaziba masikio yake kwa mikono, yale masikio aliyojivunia. Alipopata nguvu za kushika simu tena alitafuta rekodi nyingine. Zilikuwa zimebaki tatu, za wiki tatu za mwisho, kwa sababu tu simu ilikuwa haijajaa. Alivuka barabara kwenda kwa fundi simu, akamwomba amrudishie zilizofutwa. Fundi aliishika simu ile karibu saa nzima, akamrudishia huku akitazama pembeni. Palipokuwa na sauti, alisema, pameshajaa picha.

Asubuhi yake aliondoka, akiacha sare za watu mezani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipougua mwenyewe. Njiani alijiandalia maneno. Kaka alikuwa amemfungulia mlango bila kujua: woga. Woga ni aibu, lakini ni aibu inayosameheka, na Wifi alikwisha kuisamehe. Kulikuwa na haja gani ya kumwongezea mgonjwa jeraha jingine? Hivyo ndivyo alivyojipanga, na kwa saa nne zote alijiona ana huruma.

Wifi alikuwa sebuleni, kwenye kiti cha dirishani, amekonda mikono. Shingoni amefunikwa kitambaa cheupe, na kila alipovuta pumzi kitambaa kiliingia ndani kidogo kikatoka. Ukingo wake ulikuwa haujapindwa, nyuzi zinaning'inia. Macho ya fundi yakang'ang'ania nyuzi zile, maana hayakuwa na pengine pa kukaa. Wifi aliinuka akamkumbatia, akamshika muda mrefu, na sauti pekee iliyotoka kwake ni ile pumzi chini ya kitambaa.

Kaka alikuwa amemtengenezea mkewe kibao cheusi cha kuandikia, kwa mkono wake wa mabango, kimezungushiwa mstari mwekundu ulionyooka. Wifi alikiweka mapajani, akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la kwanza, mkubwa na wa duara: "Sare zimekwisha?"

"Bado," alisema Mama Sare.

"Umeziacha?"

"Nimeziacha."

Wifi akatabasamu, akafuta kwa kiganja.

"Wifi, nisamehe," Mama Sare alisema. "Niliogopa."

Neno likatoka laini kabisa, bila mkunjo. Wifi alimpigapiga mkono, akaandika, "Najua. Yamekwisha." Kaka, aliyekuwa amesimama mlangoni kama askari, akalegea, akaenda kuleta chai. Alipoinama kumwekea dada yake kikombe alikuwa amerudi kuwa kaka.

"Hata kile kitanda cha mama nilikuelewa," alisema. "Wifi yako alikuuliza kama tukuletee, ukasema bado unafikiria. Tukakaa nacho mwaka mzima, mwisho tukampa jirani. Nikasema huyu anaogopa kukiona, basi. Kila mtu na woga wake."

Kitanda cha mama yao. Kile cha mbao nyeusi, chenye ubao wa kichwani aliouchora kwa msumari akiwa na miaka sita akachapwa. Angekifuata kwa miguu. Mama Sare alikunywa chai ikamuunguza, akashukuru kwamba kuna kinachomuunguza.

Kaka hakukaa. Alitoka kwenye kona na spika aliyoiazima kwenye duka alilolichorea bango, akaichomeka kwenye umeme, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Sasa dada, kuna jambo nililokuwa nakungojea kwalo, hata nilipokuwa nimekasirika," alisema. "Nyumba imekuwa kimya. Redio inaongea, lakini si yeye. Miaka thelathini na moja nimekaa naye sikuwahi kumrekodi hata neno. Nani anamrekodi mkewe akisema chai tayari? Nimehangaika kwa ndugu na kwa walimu wenziwe, hakuna mwenye kitu. Mwenyewe ananiambia nisihangaike, wewe unazo. Kila Ijumaa, miaka yote hiyo." Alimtazama mkewe. "Nataka kuzisikiliza zote. Tuanze ya zamani kabisa."

Wifi alikwisha kuandika. Aliugeuza ubao wauone wote wawili: "KABATI LANGU." Akapiga mstari chini yake, kama anavyopigia mwalimu jibu sahihi.

Mama Sare aliitoa simu akaishika. Angeweza kusema imeibwa. Angeweza kusema imeanguka majini, watu huangusha simu majini kila siku. Maneno yalikuwa yamejipanga, lakini Wifi alikuwa anamtazama kwa uso wa mtu aliyeweka kitu mahali salama.

"Zimebaki tatu," alisema.

"Tatu zipi?" kaka akauliza.

"Rekodi. Nyingine nilizifuta. Simu ilikuwa inajaa." Akamtazama Wifi. "Na sikuogopa, wifi. Hilo nimekudanganya sasa hivi. Sikujua kama unaumwa. Wimbo ule niliusikiliza mpaka tarumbeta, nikauzima. Sikufika mwisho."

Wifi hakuelewa mara moja, au hakutaka. Aliandika taratibu: "Mwisho wa ule?"

"Wa ule. Na nyingine."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Nilipopata zile shule tatu."

Chaki ilisimama juu ya ubao. Kaka aliangalia spika yake ya kuazima, kisha akageuka akaenda mlangoni kutoka nje, kama anavyofanya mwanamume asiyetaka kumfokea dada yake mbele ya mgonjwa. Lakini kiatu kilikuwa kimoja tu. Aliinama akatafuta nyuma ya mlango, akatafuta chini ya meza, mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna, na wanawake wale wawili walimtazama. Siku nyingine yoyote wangekwisha kuanza kuimba. Baadaye aliacha kutafuta, akarudi akaketi hivyohivyo, akajifuta macho.

Kitambaa kiliingia kikatoka, kiliingia kikatoka. Wifi hakulia, na Mama Sare angependa alie, au amrushie ule ubao. Mwishowe alifuta, akaandika neno moja akiikandamiza chaki: "Cheza."

Mama Sare aliunganisha simu na spika, akaanza na ya nyuma kuliko zote. Ulikuwa wimbo wa gitaa mbili, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuusikia kabisa. Alikuwa akingoja uishe. Ukaisha. Kiti kikasogezwa, na sauti ya Wifi ikajaa sebuleni, imekwaruzika kidogo tu, ya mwalimu anayewaambia watoto wafungue madaftari.

"Wifi, leo kuna habari. Kuku wa jirani ametaga ndani ya kiatu cha kaka yako. Kimoja. Cha pili hatujakiona mpaka sasa. Kaka yako anasema yai ni lake kwa sababu kiatu ni chake, jirani anasema kuku ni wake, na mimi nimekwisha kulikaanga."

Kaka alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikaishia vibaya, naye akaufunika uso.

"Basi nimeongeza beti," sauti ikaendelea, na ikaimba, juu, safi, ikikohoa mara moja tu katikati: "Kimoja kimelala na yai, cha pili nani kakiona?"

Halafu kimya. Rekodi ilikuwa ikiendelea, saa ya ukutani inasikika ndani yake. Mama Sare alijua kimya kile ni cha nini. Kilikuwa kimekatwa kwa kipimo chake, pumzi nne kamili. Alifungua kinywa, akatafuta ilipo sauti yake ya pili, na neno la kwanza lilipotoka, "Mimi," sauti ya Wifi ilikuwa imekwisha kurudi.

"Hapo ndipo pako, wifi. Nimekuachia nafasi. Jirekodi unitumie, nitaona jinsi ya kuunganisha. Haya, kikohozi hiki kinanisumbua, acha nikanywe maji. Ukifika mwisho niambie."

Spika ikatoa mvumo wake mtupu. Mama Sare alimgeukia Wifi. Alikuwa na mengi ya kusema, na yote yalikuwa maneno ya mtu anayejitetea, kwa hiyo akayaacha, akasema lile moja alilokuwa analo.

"Nimefika mwisho, wifi."

Wifi alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anavyomtazama fundi aliyekwisha kumwapia mara kumi kwamba nguo iko tayari. Kisha aliinamia ubao wake, akaandika, akaugeuza.

"Rudia. Umechelewa kuingia."